Waliokaa, Waliosimama na Waliowekwa Roshanini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Picha za Ndani ya Makanisa Zilizochapwa Karne ya 19

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa historia na sanaa, na kwa yeyote aliyekutana na picha ya zamani ya ndani ya kanisa akataka kujua anatazama nini. Mifano mingi inatoka Uingereza, ambako picha za namna hii zilichapwa kwa wingi na kumbukumbu zake zimetunzwa vizuri. Ufaransa na Nchi Takatifu zimeguswa pale zinapohusika, na lipo swali moja linalofika hadi Bagamoyo na Zanzibar. Msimamo unaoongoza majibu yote ni huu: picha ya ndani ya kanisa ya karne ya 19 ni kumbukumbu ya namna jamii ilivyojipanga, na mtazamaji anayeishia kwenye nguzo na matao ameacha sehemu iliyo bora kuliko zote.

Picha za kuchapwa ni picha za aina gani hasa?

Ni picha zinazotolewa nakala nyingi kutoka kwenye uso mmoja ulioandaliwa kwa mkono, uwe bamba la shaba au la chuma cha pua, kipande cha mbao, au jiwe. Msanii au fundi huchora au kuchonga uso huo, wino hupakwa, karatasi hugandamizwa juu yake, na nakala hutoka moja baada ya nyingine. Kabla ya miaka ya 1880 picha ya kamera haikuweza kuchapwa kwa urahisi pamoja na maandishi ya gazeti au kitabu, kwa hiyo hii ndiyo njia iliyowawezesha maelfu ya watu waliokaa mbalimbali kutazama kitu kimoja.

Kwa nini wachoraji na wachapaji walipenda sana ndani ya makanisa?

Sababu ya kwanza ni biashara. Kanisa kuu la mji lilikuwa jengo ambalo wakazi walijivunia na wageni walitaka kulikumbuka, na picha yake ilipata wanunuzi kwa uhakika. Sababu ya pili ni ya ufundi: mwanga unaoshuka kutoka dirisha la juu, ukapita kwenye vumbi na kuangukia sakafu ya mawe, ulikuwa mtihani ambao kila mchongaji alitaka kuufaulu mbele ya wenzake.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Kanisa lilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo tajiri, fundi, mtumishi wa ndani, yatima na maskini wa parokia walikuwa chini ya paa moja kwa saa moja au mbili, wakitazama upande mmoja. Sokoni watu walipita, kwenye tamthilia walilipa kiingilio, lakini kanisani walipangwa, na mpangilio huo ulionekana kwa macho. Mchoraji hakuhitaji kubuni kisa, kwani kisa kilikuwa kimeketi mbele yake.

Nikitaka kuanza na kazi moja tu, nianze na ipi?

Anza na The Microcosm of London, iliyotolewa na Rudolph Ackermann kati ya 1808 na 1810. Ackermann alikuwa Mjerumani kutoka Saxony, fundi wa kubuni magari ya farasi, aliyehamia London na kufungua duka la picha katika barabara ya Strand. Kazi hiyo ilitoka sehemu kwa sehemu kila mwezi, na ilipokamilika ilikuwa na picha 104 zilizochapwa kwa akwatinta (njia ya bamba la shaba na tindikali, inayoelezwa zaidi hapo chini) na kupakwa rangi kwa mkono.

Nguvu ya kazi hiyo imo katika mgawanyo wake. Augustus Charles Pugin, mhamiaji kutoka Ufaransa, alichora majengo kwa vipimo na utulivu. Kisha Thomas Rowlandson, mchoraji wa vichekesho aliyewajua watu wa London kwa sura na kwa mwendo, akawajaza humo. Ndiyo maana dari na nguzo zimenyooka kabisa, ilhali chini yake kila mtu ana mwili wake na tabia yake, mnene kando ya mwembamba, mzee kando ya kijana, na hakuna mgongo unaofanana na mwingine.

Ackermann hakujifunga kwenye makanisa ya Kianglikana. Katika mfululizo huohuo tunaingia kanisa dogo la Wakatoliki la Lincoln's Inn Fields, mkutano wa Waquaker, dhehebu la Kikristo lililokuwa nje ya Kanisa la Kianglikana, na sinagogi la Duke's Place, na jambo hili si dogo ukikumbuka kwamba Mkatoliki hakuruhusiwa kukaa katika Bunge la Uingereza hadi 1829. Kuwaweka wote ndani ya kitabu kimoja, kwa ukubwa uleule na kwa rangi zilezile, ilikuwa namna ya kusema kwamba wote ni sehemu ya mji.

Picha mbili za mfululizo huo zinastahili kutazamwa kwa muda mrefu. Ya kwanza ni ya kanisa la Foundling Hospital, makao ya watoto waliotelekezwa. Kinanda kiko juu, katika roshani, na watoto wamepangwa pande zake mbili kwa safu zinazopanda. Mtunzi wa muziki George Frideric Handel aliwapa watoto hao kinanda mwaka 1750, na tangu mwaka huo kazi yake ya kuimbwa, Messiah, ikawa inaimbwa humo kwa ajili ya kuchangia makao. Watu wenye uwezo walikuja Jumapili kusikiliza watoto wakiimba, wakakodi viti, wakatoa sadaka. Ukiitazama picha ukiwa na habari hizo utaelewa kwa nini watoto wamewekwa juu, mahali ambapo kila jicho linawafikia: sauti zao na sare zao ndizo zilizowaletea chakula. Ni ibada, na papo hapo ni mavuno ya fedha, na mchoraji ameonyesha yote mawili bila kulaumu.

Ya pili ni ya kanisa la gereza la Newgate. Waliohukumiwa kunyongwa wameketi katika kizimba chao katikati ya chumba, wakisikiliza mahubiri yao ya mwisho, na mezani mbele yao pamewekwa jeneza. Hapa Rowlandson ameweka kando utani wake. Nimeona picha nyingi za kanisani za karne hiyo, na sijui nyingine inayoonyesha wazi namna hii jinsi samani za kanisa zilivyoweza kutumiwa kumwambia mtu mahali pake duniani.

Viti vya kanisani vinatuambia nini kuhusu matabaka?

Vinatuambia karibu kila kitu, ila inabidi kujua jinsi vilivyofanya kazi. Katika makanisa mengi ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 hapakuwa na mabenchi ya wazi kama tunayoyajua leo. Palikuwa na vizimba vya mbao vyenye kuta ndefu na mlango mdogo, na kila kizimba kilikuwa cha familia fulani iliyokikodi au kukirithi. Kizimba cha mwenye ardhi mkubwa kiliweza kuwa na mazulia, mapazia, hata mahali pa kuwasha moto wakati wa baridi. Palikuwa na mtumishi wa kanisa, mara nyingi mwanamke wa makamo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafungulia watu milango hiyo na kupokea bakhshishi. Wasio na kizimba walikaa kwenye mabenchi ya bure katika njia ya katikati, au nyuma, au walipandishwa roshanini pamoja na watoto wa shule za hisani.

Baada ya hapo tazama mimbari. Katika makanisa ya zamani hiyo mimbari ilikuwa ya ngazi tatu: chini alikaa karani wa parokia aliyeongoza majibu ya waumini, katikati alisoma padre sala, na juu kabisa, chini ya paa dogo la mbao la kurudisha sauti, alihubiri. Vizimba mara nyingi viligeukia mimbari hiyo, hivyo baadhi ya waumini waliipa altare mgongo. Ukutani utaona mbao zilizoandikwa Amri Kumi na Sala ya Bwana, nembo ya mfalme, na mabango meusi yenye nembo za familia zilizofiwa. Hakuna lililowekwa pale kwa bahati.

Serikali nayo ililiona tatizo la nafasi. Mwaka 1818 Bunge lilitenga pauni milioni 1 kwa ajili ya kujenga makanisa mapya katika miji iliyokua haraka, kwa sharti kwamba sehemu ya viti iwe ya bure kwa maskini. Kisha ikaja hesabu ya waumini ya tarehe 30 Machi 1851, ambayo haikurudiwa tena na serikali, na Horace Mann, aliyeandika ripoti yake, akaeleza kwamba wafanyakazi wa mijini walikuwa hawaendi kanisani kwa wingi, na miongoni mwa sababu akataja vizimba vya kukodi vilivyowafanya wajione wageni. Picha za kuchapwa zilikuwa zimeshaonyesha jambo hilo miaka mingi kabla ya takwimu.

Katika nusu ya pili ya karne mabadiliko yanaonekana wazi. Chama cha Cambridge Camden, kilichoanzishwa 1839 na wanafunzi na wasomi waliopenda makanisa ya Enzi za Kati, kilipigana na vizimba kwa nguvu zote, na taratibu vikang'olewa na mabenchi ya wazi yakaingia. Kwa hiyo ukiwa na picha mbili za kanisa moja, ya 1820 na ya 1880, hesabu kwanza milango ya vizimba.

Je, kuna msanii aliyetumia picha za makanisa kama hoja ya kisiasa?

Yupo, na ni mtoto wa yule Pugin wa Ackermann. Augustus Welby Northmore Pugin alikulia katika karakana ya baba yake, akaingia Ukatoliki akiwa kijana, na mwaka 1836 akatoa kitabu cha Contrasts kwa gharama yake mwenyewe. Alichonga mwenyewe picha zinazoweka majengo ya Enzi za Kati kando ya majengo ya siku zake, ili msomaji aone kilichopotea bila kuhubiriwa sana.

Toleo la 1841 liliongeza picha yenye ukali zaidi, ya makazi ya maskini. Upande mmoja ni nyumba ya hisani ya zamani yenye kanisa lake, ambamo maskini anavikwa, analishwa na kuzikwa kwa sala. Upande wa pili ni nyumba ya kisasa ya maskini, iliyojengwa kama gereza, ambamo anakula uji, anaadhibiwa, na akifa maiti yake inapelekwa kwa wanafunzi wa udaktari wakaipasue. Alizipendelea Enzi za Kati kupita kiasi, na mwanahistoria yeyote ana haki ya kumsahihisha. Lakini alikuwa sahihi katika jambo la msingi, kwamba namna taifa linavyojenga nyumba ya ibada haitenganishwi na namna linavyomzika maskini wake.

Wafaransa walichapa nini?

Kazi yao kubwa kuliko zote ni Voyages pittoresques et romantiques dans l'ancienne France, iliyoongozwa na Baron Taylor pamoja na Charles Nodier na kuanza kutoka mwaka 1820. Ilipita mkoa kwa mkoa, na iliendelea kutolewa hadi 1878. Mapinduzi yalikuwa yamefunga abasia nyingi na kuuza mawe yake, hivyo picha nyingi za ndani ni za makanisa yasiyo na paa, yenye majani yaliyoota kwenye matao, na mkulima mmoja au wawili wanaopita. Maisha ya jamii yamo pia katika ukiwa huo, maana wasomaji walikuwa watu waliokumbuka waumini waliokuwa wakijaa humo.

Katika picha za makanisa yaliyobaki na ibada utaona viti vya majani vinavyohamishika badala ya vizimba. Navyo vilikodiwa: mwanamke mmoja alipita akikusanya sarafu kwa kila kiti.

Zilichapwa kwa njia gani, na je, njia ya uchapaji inabadili tunachokiona?

Inabadili sana, na ndiyo sababu swali hili haliwezi kuachiwa mafundi peke yao.

Katika akwatinta, vumbi la utomvu hunyunyizwa juu ya bamba la shaba na kupashwa moto likashika. Tindikali hula shaba katikati ya chembe hizo, na fundi huzuia kwa vanishi sehemu anazotaka zibaki nyeupe, akirudia hatua kwa hatua hadi apate vivuli vya ngazi nyingi. Njia hii inafaa mwanga laini na kuta kubwa zisizo na mistari, kwa hiyo makanisa ya Ackermann yana hewa ndani yake. Rangi ilipakwa baadaye na wafanyakazi waliofuata nakala ya mfano, ambao majina yao hayaandikwi popote kwenye karatasi.

Litografia iligunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Inategemea jambo jepesi kwamba mafuta na maji havipatani. Msanii huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini, na mawe bora yalichimbwa Solnhofen. Jiwe hutiwa gundi na tindikali kidogo, hulowanishwa, kisha wino wa mafuta hushika mahali palipochorwa tu. Kwa kuwa msanii anachora kama anavyochora kwenye karatasi, mkono wake hauharibiwi na patasi ya mtu mwingine, na ukungu wa kanisa kubwa wakati wa jioni unaweza kuonyeshwa kwa kusugua kalamu tu.

Kuchonga mbao kulikuwa na maana kubwa kuliko zote kwa umma. Thomas Bewick wa Newcastle alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ukichonga mti mgumu wa boksi kwenye uso uliokatwa kukingama na shina, unapata mistari myembamba isiyochakaa upesi, na kipande hicho huweza kuchapwa pamoja na herufi za maandishi kwa mpigo mmoja. Bila hilo pasingekuwapo gazeti la picha.

Bamba la chuma cha pua, lililoenea kuanzia miaka ya 1820, lilitoa nakala nyingi kuliko shaba, na kwa sababu hiyo vitabu vya makanisa makuu vikashuka bei. Sipendi sana mwonekano wake: mistari ni midogo na sawasawa mno, na kila kanisa huonekana limeoshwa jana.

Magazeti ya picha yalileta mabadiliko gani?

The Illustrated London News lilitoka mara ya kwanza tarehe 14 Mei 1842, likiwa na kurasa 16 na picha 32, likauza nakala zipatazo 26,000. Mwaka uliofuata Paris ikapata L'Illustration na Leipzig ikapata Illustrirte Zeitung. Kanisa likaingia katika habari za wiki: arusi za kifalme, ubatizo, mazishi ya watu mashuhuri, kuwekwa wakfu kwa askofu, misa ya Krismasi.

Kasi ilipatikana kwa kugawana mbao. Picha kubwa ilichorwa juu ya vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa skrubu. Baada ya kuchorwa vilitenganishwa, kila mchongaji akapewa chake na kufanya kazi usiku, kisha vikaunganishwa tena kabla ya kuchapa. Ukitazama kwa makini picha ya ukurasa mzima utaona mistari myembamba myeupe iliyonyooka inayokata hata nyuso za watu. Hapo ndipo vipande vilipokutana, na wachongaji wawili ambao pengine hawakuonana usiku ule walikuwa wakimaliza bega moja.

Je, kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na wa wazi kuliko wote ni mazishi ya David Livingstone katika Abasia ya Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Wasafiri wenzake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwili ukalazwa katika misheni ya Wakatoliki kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza. Magazeti ya picha ya London yaliyachora mazishi hayo, na kwa wasomaji wengi picha hizo za mbao ndizo zilizokuwa kuhudhuria kwao.

Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari nchini India, alisafiri na mwili na alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza abasiani, pamoja na Henry Morton Stanley na John Kirk. Huyo ndiye wa kumtafuta kwanza katika picha yoyote ya siku ile. Lakini Susi na Chuma, waliobeba mzigo wote wa safari, waliletwa Uingereza baada ya mazishi kwisha. Hakuna picha ya kweli ya ibada ile inayoweza kuwaonyesha, na kutokuwapo kwao ni habari kamili kuhusu nani alihesabiwa kuwa mfiwa. Msomaji wa Bagamoyo au Zanzibar anayeitazama picha hiyo leo ana haki ya kuuliza wako wapi, na jibu haliko ndani ya karatasi bali katika uamuzi wa waliopanga nauli.

Upo uhusiano mwingine, wa kimyakimya zaidi. Magazeti ya wamisionari, kama Church Missionary Gleaner, yalisambaza picha za mbao za misheni za mbali kwa waumini wa Uingereza ili kuchochea michango. Katika picha za aina hii kanisa, shule na mavazi ya waumini yalipangwa ili mchangiaji aone matunda ya fedha yake, kwa hiyo zisomwe kwa kujua hivyo.

Makanisa ya Nchi Takatifu yalichorwaje?

Kazi inayotajwa zaidi ni ya David Roberts, Mskoti aliyeanza kwa kupaka rangi mandhari za majukwaa ya tamthilia. Alifika Misri mwaka 1838 na Yerusalemu wakati wa Pasaka ya 1839. Michoro yake ilitiwa kwenye mawe ya litografia na Louis Haghe na kutolewa London kati ya 1842 na 1849. Haghe, mzaliwa wa Tournai, alizaliwa na mkono wa kulia wenye kilema, na kazi hiyo yote kubwa aliichora kwa mkono wa kushoto. Jina lake linastahili kuandikwa kando ya la Roberts, kwa sababu wanunuzi walikuwa wakitazama mkono wake.

Ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, na katika kanisa la Bethlehemu, watu wa Roberts hawakai katika vizimba. Wanapiga magoti sakafuni, wanasimama kwa makundi, mahujaji wa Kigiriki, Kiarmenia na wengineo, kila jumuiya na sehemu yake. Mtazamaji wa London aliyezoea milango ya vizimba alikuwa anaonyeshwa namna nyingine kabisa ya watu kugawana nyumba moja ya ibada. Roberts alichora pia ndani ya misikiti ya Cairo. Alipata ruhusa kwa kuvaa mavazi ya kienyeji na kuahidi kutotumia brashi za manyoya ya nguruwe, na picha hizo zina heshima ambayo wasafiri wengi wa wakati wake hawakuwa nayo.

Je, picha hizi ni za kuaminika?

Zinaaminika kwa kiasi, na kiasi hicho kinatofautiana kutoka jambo moja hadi jingine. Umbo la jengo kwa kawaida ni sahihi, isipokuwa kimo, maana wasanii wengi waliwapunguza watu urefu ili kanisa lionekane kubwa zaidi. Samani ni za kuaminika sana pale mchoraji alipokuwa mtu wa majengo. Watu ndio wa kuhojiwa. Haghe, katika michoro yake ya Ubelgiji na Ujerumani, aliwavalisha waumini mavazi ya karne zilizopita kwa sababu wanunuzi walipenda hivyo. Asiyejua angedhani anaona Wabelgiji wa 1840.

Magazeti nayo yalikuwa na haraka. Toleo la kwanza kabisa la The Illustrated London News lilikuwa na picha ya moto wa Hamburg iliyotengenezwa London kwa kunakili picha ya zamani ya mji huo na kuongezewa ndimi za moto. Ibada iliyotangazwa mapema iliweza kuchongwa kabla haijafanyika.

Kasoro iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba makanisa ya pichani yamejaa. Hesabu ya 1851 ilionyesha nafasi nyingi tupu, lakini mabenchi matupu hayakuuzika.

Nina picha ya zamani nyumbani. Nitajuaje imechapwa kwa njia gani?

Chukua lenzi na mwanga wa pembeni. Ukiona alama ya mbonyeo kuzunguka picha, ilichapwa kwa bamba la chuma au shaba. Litografia na mbao haziachi alama hiyo. Ukiona mtandao wa chembe zisizo na mpangilio kwenye vivuli, ni akwatinta. Ukiona punje kama za kalamu laini, bila mbonyeo, ni litografia. Mistari myeupe ndani ya weusi, na maandishi ya gazeti nyuma ya karatasi, ni dalili ya mbao. Nukta zilizopangwa sawasawa kwa safu ni dalili kwamba una nakala ya kisasa iliyochapwa kwa kutumia picha ya kamera.

Soma pia maandishi madogo ya chini. Kwa kawaida jina la aliyechora liko kushoto, likifuatwa na *del.* au *pinx.*, na la aliyechonga liko kulia, likifuatwa na *sculp.*; kwa litografia huandikwa *lith.* Katikati mara nyingi kuna jina na anwani ya mtoaji pamoja na tarehe. Rangi iliyovuka mistari hapa na pale ilipakwa kwa mkono, lakini si lazima iwe ya wakati ule, kwa kuwa wauzaji wa baadaye walipaka rangi picha za magazeti ili zivutie.

Zilikoma lini?

Teknolojia ya kuchapa picha za kamera kwa nukta ilienea magazetini katika miaka ya 1880 na 1890, na wachongaji wa mbao wakakosa kazi. Uchongaji wa kisanii uliendelea: Alphonse Legros alichonga waimbaji na waumini wazee kwa huruma kubwa, na Axel Haig, mzaliwa wa kisiwa cha Gotland, aliuza picha kubwa za ndani ya makanisa makuu ya Hispania na Ufaransa hadi karne ya 20. Hizo zilikuwa za kutundikwa sebuleni, wala hazikutegemewa tena kuleta habari.

Ninaweza kuziona wapi bila kusafiri, na je, naruhusiwa kuzitumia?

Makusanyo ya British Museum, Metropolitan Museum of Art ya New York na Rijksmuseum ya Amsterdam yanaonekana mtandaoni, na litografia za Roberts zinapatikana katika Library of Congress. Haki za wasanii wa karne ya 19 zimekwisha muda, ila baadhi ya taasisi huweka masharti kwa picha zilizopigwa na wapiga picha wao, kwa hiyo soma masharti kabla ya kuchapisha. Unapotafuta, andika jina la mtoaji au la mchongaji pamoja na jina la kanisa. Picha nyingi za Ackermann ziling'olewa vitabuni na kuuzwa moja moja, na zimeorodheshwa kwa jina la jengo tu, bila kutajwa kitabu zilikotoka.